Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Teksi: Tupeni Mita, Mahubiri Tunayo

Kwa Waheshimiwa mnaotoa leseni za teksi, mnaopanga nauli, mnaokagua magari na mnaopokea malalamiko ya abiria,

Salamu kwenu. Ninaandika nikiwa abiria wa kawaida, mtu asiye na gari, ambaye kazi yake, matibabu yake na hata ibada yake hutegemea dereva asiyemfahamu akubali kumfikisha anakokwenda. Ninaandika pia nikiwa mtu wa dini, na ninalitaja hilo mapema ili nisije nikadhaniwa kuwa nina chuki na msikiti, kanisa au hekalu. Ninachotaka kusema ni kwamba iko kazi mliyokabidhiwa na umma ambayo kwa muda mrefu mmekuwa mkiwatupia viongozi wa dini, ilhali wao hawana mamlaka ya kumfutia mtu leseni wala fundi wa kukagua breki.

Malalamiko yenyewe mnayajua. Dereva anasimama, anateremsha kioo kidogo, anauliza unakokwenda, na akisikia jina la mtaa asioupenda anaondoka bila hata kutoa udhuru. Mwingine anakubali kukupeleka, lakini mita yake imeharibika, na imeharibika tangu mwaka juzi. Mwingine hana chenji, na chenji hiyo haionekani mpaka abiria aonyeshe kwamba yuko tayari kukaa ndani ya gari hadi jioni. Wale wa programu za simu, ambao tuliambiwa wangeyamaliza yote haya, wamekuja na mbinu zao: wanapiga simu kwanza kuuliza unakwenda wapi na utalipa kwa keshi au kwa simu, na jibu lisipowaridhisha wanakuacha ukikodolea macho kigari kisichosogea kwenye ramani, hadi wewe mwenyewe uchoke na kughairi safari, ili faini ya kughairi iandikwe kwa jina lako. Na karibu katika kila gari mikanda ya kiti cha nyuma imefukiwa chini ya kitambaa cha kiti, kana kwamba abiria wa nyuma ana mwili wa namna nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani. Sidhani kama kuna haja ya kueleza kwa nini mkanda uliofukiwa hautamsaidia mtu.

Sasa tutazame majibu tunayopewa. Tukilalamika kuhusu nauli, tunaambiwa madereva wamche Mungu. Tukilalamika kuhusu lugha chafu, tunaambiwa jamii imepoteza maadili na kwamba wazazi na viongozi wa dini waongeze juhudi. Ikitokea ajali kubwa, huitishwa maombi, viongozi wa imani zote hupangwa mstari wa mbele, mkubwa mmoja husoma hotuba inayosema kwamba siku za mwanadamu zinahesabiwa na Muumba, na kesho yake magari yaleyale hurudi barabarani yakiwa na matairi yaleyale. Sina ugomvi na dua. Mimi mwenyewe huomba kila ninapofunga mlango wa teksi, na zipo safari ambazo nimeomba kwa bidii kuliko nilivyowahi kuomba katika nyumba yoyote ya ibada. Ila dua yangu ni yangu, nami siilipwi mshahara. Mtu anayelipwa mshahara ili akague breki, kisha akatualika tukaombee breki, anafunika kombe mwanaharamu apite.

Na hata dini zenyewe, mkizisoma vizuri, haziwapi nafasi hiyo ya kujificha. Sura ya 83 ya Qur'ani, inayoitwa al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya watu wanaojitimizia kipimo wanapopokea na kuwapunja wenzao wanapotoa. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinafungua kwa kuilaani mizani ya hadaa. Nauli ya kubahatisha ni mizani ya hadaa kwa kipimo chochote. Lakini tazameni pia jinsi watu wa kale walivyoyafanyia kazi maneno hayo. Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati, ambako dini na dola vilikaa nyumba moja, alikuwepo ofisa aliyeitwa muhtasib, na kazi yake sokoni haikuwa kuhubiri tu kuhusu uaminifu. Alikagua mizani na vipimo, akachunguza bidhaa, na akamwadhibu mfanyabiashara aliyepunja. Kwa hiyo hata dola iliyojiita ya kidini haikumwachia Mungu kazi ya kupima ratili. Ipo pia Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Nyinyi mmekabidhiwa kamba, Waheshimiwa. Kumtegemea Mungu tutafanya wenyewe.

Mita haikuja duniani kwa sababu madereva wote ni waovu. Mjerumani Friedrich Wilhelm Gustav Bruhn aliibuni mwaka 1891, na historia ya kuenea kwake ina funzo ambalo hadi leo ofisi zenu hazijalifikia. Mwaka 1907, mjini New York, mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Harry Allen alikasirishwa na kutozwa dola 5 kwa safari isiyofika hata maili moja, akaanzisha kampuni yake akitumia magari yaliyoagizwa kutoka Ufaransa, yenye mita ndani. Hakuwaandikia madereva waraka wa kuwataka watubu. Alielewa kwamba ugomvi wa watu wawili, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye mkweli, hautatuliwi kwa viapo zaidi. Unahitaji kitu cha tatu kisichomjua yeyote kati yao. Mita haina dini, haina kabila, haijui kama abiria amevaa kanzu, msalaba au kilemba, na hiyo ndiyo heshima yake.

Niwatendee haki madereva pia, kwa sababu barua nyingi za abiria huwasahau. Madereva wengi hawamiliki magari wanayoyaendesha. Asubuhi dereva wa namna hiyo anaamka akidaiwa hesabu ya mwenye gari, anaongeza mafuta, anaongeza ushuru wa maegesho na makato ya programu, na kinachobaki baada ya saa nyingi barabarani ndicho chakula cha watoto wake. Anapokataa kwenda mtaa wa mbali, mara nyingi anahesabu tu kwamba atarudi bila abiria. Anapozima mita, anajaribu kufidia nauli ambayo nyinyi hamjaipitia upya tangu bei ya mafuta ilipobadilika. Kumwambia mtu huyo amche Mungu bila kugusa hesabu, makato na nauli ni kumwongezea mzigo wa dhambi juu ya mzigo wa deni. Huenda anamcha Mungu kuliko sisi sote, na bado mita imezimwa.

Hadi hapa nimezungumzia dini inayotumiwa ofisini kama pazia. Iko pia dini inayopanda ndani ya gari, na hapo jambo linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa dereva naye ni muumini mwenye haki zake. Abiria wengi wamewahi kukutana nayo: mahubiri yanayopigwa kwa sauti ya juu ambayo huruhusiwi kuomba yapunguzwe, maswali ya dini gani unafuata kabla hujauliza nauli, mawaidha kwa mwanamke kuhusu urefu wa gauni lake katika gari analolilipia mwenyewe. Katika teksi za programu kuna hatari isiyoonekana kwa macho, kwamba jina la abiria humfikia dereva kabla ya abiria mwenyewe, na majina mengi hutangaza dini ya mtu kabla hajafungua kinywa. Mwaka 2016 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa huduma hizo, na mjini Boston waligundua kwamba abiria wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi walighairiwa safari zaidi ya mara mbili ya wenye majina yanayosikika kuwa ya wazungu. Pale suala lilikuwa rangi. Mnayo takwimu za safari zinazoghairiwa, au mnaweza kuwaagiza wenye programu wazitoe. Je, mmewahi kuuliza nani huachwa barabarani, na anaitwa nani?

Kisa kinachonisaidia kulifikiria suala hili kilitokea katika uwanja wa ndege wa Minneapolis na Saint Paul, nchini Marekani. Wengi wa madereva wa teksi pale walikuwa Waislamu wenye asili ya Somalia, na baadhi yao walikataa kumchukua abiria aliyeonekana kubeba pombe, wakiamini kwamba kuisafirisha ni kushiriki katika dhambi. Dereva aliyekataa alirudishwa mwisho wa foleni, jambo ambalo lilimgharimu saa nzima au zaidi za kazi. Mwaka 2006 wakuu wa viwanja vya ndege walipendekeza kwamba madereva wa namna hiyo wawekewe taa ya rangi tofauti juu ya gari, ili abiria mwenye chupa aelekezwe kwa mwingine. Pendekezo hilo lilipingwa vikali na likaachwa. Mwaka 2007 walipitisha adhabu: anayekataa abiria kwa sababu hiyo asimamishwe siku 30, na akirudia, leseni yake ifutwe kwa miaka 2.

Naona walifika mahali sahihi, ingawa siwacheki madereva wale, kwa sababu dhamiri inayomfanya mtu apoteze pato la siku si ya kudharauliwa. Lakini abiria mwenye chupa iliyofungwa hamwombi dereva anywe, wala hamwombi abariki unywaji. Anamwomba amfikishe nyumbani. Na ile taa, japokuwa ilionekana kuwa suluhu ya upole, ingekuwa mlango wa taa nyingine. Angekuja dereva asiyetaka mwanamke asiyejifunika, na mwingine asiyetaka mwanamke aliyejifunika, na mwingine asiyetaka mgeni aliyetoka hekaluni, na kila mmoja angeidai taa yake kwa hoja ileile. Mwishowe kituo kingekuwa na rangi zote za upinde wa mvua na abiria angelazimika kukiri imani yake ndipo apate usafiri.

Suala la mbwa waongozao wasioona ni gumu zaidi, na ndilo linalonionyesha kwamba sheria inaweza kuwa imara bila kuwa katili. Nchini Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamtaka dereva wa teksi ambebe abiria pamoja na mbwa wake msaidizi, bila kumtoza nyongeza. Dereva anaweza kusamehewa wajibu huo kwa sababu ya kiafya iliyothibitishwa, mathalani pumu, na hupewa cheti cha kuonyesha. Imani peke yake haimpi cheti hicho. Kwa wale wanaohofu najisi, inafaa kujua kwamba mwaka 2008 msikiti mmoja wa mji wa Leicester ulimruhusu kijana asiyeona aje na mbwa wake, ukamtengea mnyama huyo mahali pa kupumzikia karibu na mlango. Nyumba ya ibada ilipata njia. Buti la gari na kitambaa cha kutandika kitini haviwezi kutushinda.

Nisieleweke kwamba ninataka gari lisafishwe kila alama ya imani. Tasbihi inayoning'inia kwenye kioo hainipunguzii kitu, wala aya iliyobandikwa kwenye dashibodi. Dereva anayetaka kusali azime taa yake ya kuonyesha kwamba yuko tayari kwa kazi, akasali, kisha arudi. Afanye hivyo Ijumaa, Jumamosi au Jumapili, kwani hakuna abiria aliyeachwa njiani. Serikali inaweza hata kumsaidia, kwa kumtengea chumba cha sala na maji kwenye maegesho makubwa ambako madereva hukaa foleni. Uingereza hiyohiyo, kwa sheria ya mwaka 1976, iliwaondolea Masingasinga wanaovaa kilemba wajibu wa kuvaa kofia ngumu kwenye pikipiki, kwa hoja kwamba hatari ya uamuzi huo inamwangukia zaidi mwenye kichwa. Hapo ndipo ninapoona mpaka ulipo. Imani ambayo gharama yake inabebwa na muumini mwenyewe iachwe, na ikiwezekana isaidiwe. Imani inayompelekea bili mtu wa kiti cha nyuma haiwezi kulindwa na leseni ya umma.

Jambo hili si geni, na lilielezwa kwa ufasaha na mtu ambaye hakuna atakayemshuku kwa ukafiri. Roger Williams alikuwa mchungaji aliyefukuzwa Massachusetts kwa sababu ya misimamo yake, akaanzisha mji wa Providence mwaka 1636. Mwaka 1655, baadhi ya watu wa mji huo walipodai kwamba uhuru wa dhamiri unawaondolea wajibu wa kutii serikali, aliwaandikia barua akiufananisha mji na jahazi lenye mamia ya watu, wakiwemo Wakatoliki, Waprotestanti, Wayahudi na Waislamu. Hakuna msafiri, alisema, anayepaswa kulazimishwa kuhudhuria sala za chombo wala kuzuiwa sala zake mwenyewe. Hata hivyo nahodha ana haki ya kuamua mkondo wa safari, kudai amani na kiasi ndani ya chombo, na kumwajibisha baharia anayegoma kazi au abiria anayekataa kulipa nauli. Miaka zaidi ya 360 imepita, nami sijaona maelezo ya kazi yenu yaliyo bora kuliko hayo. Nahodha wake haendeshi sala, lakini pia haachi usukani ili ajiunge na waombaji.

Baadhi yenu mtasema kwamba hayo ni mambo ya nchi zilizotenganisha dini na serikali. Sivyo. Uingereza ina kanisa rasmi, na maaskofu 26 wa kanisa hilo wana viti katika bunge la juu. Ufaransa ilitenga dini na dola kwa sheria ya tarehe 9 Desemba 1905. Katiba hizo mbili hazifanani hata kidogo katika suala la ibada, lakini teksi ya London na teksi ya Paris zote hulazimika kuwa na mita iliyokaguliwa. Mjini London, dereva wa teksi nyeusi anayesubiri kituoni hawezi kumkataa abiria bila sababu ya msingi iwapo safari haizidi maili 12 au muda wa saa 1. Hakuna askofu aliyehitajika ili kanuni hiyo ifanye kazi, na uwepo wa maaskofu haukuizuia. Nchi inaweza kuwa na dini rasmi, ikawa na dini nyingi, au ikawa haina hata moja, na bado swali la nani anakagua breki likabaki na jibu lilelile.

Iko sababu nyingine inayonifanya nikereke, nayo ni kwa ajili ya dini yenyewe. Mnapowapanga viongozi wa dini kwenye majukwaa yenu baada ya kila ajali, mnawafanya wasemaji wa ofisi. Wanapowaambia wafiwa kwamba yaliyotokea yalipangwa mbinguni, maneno ambayo msibani yangekuwa faraja yanageuka kuwa kinga ya mtu aliyetia saini cheti cha ukaguzi bila kuliona gari. Waumini si wajinga, nao wanaona. Baadaye mahubiri ya kweli kuhusu uaminifu yanapotolewa, yanasikika kama tangazo la wizara. Na kama leseni zenyewe, kama inavyonong'onwa katika kila kijiwe, hupatikana kwa urahisi zaidi na mtu anayesali mahali anaposali mkubwa, basi hapo dini imekwisha kuwa foleni ya pembeni. Ningewaomba viongozi wa dini wakatae kupanda majukwaa hayo hadi ripoti ya ajali itolewe hadharani, lakini barua hii inawahusu nyinyi, nao nitawaandikia siku nyingine.

Ninachowaomba ni kazi ya kawaida. Nauli ipitiwe upya kwa kalenda inayojulikana, huku madereva na abiria wote wakisikilizwa, ili mita iwashwe na mtu ambaye hapati hasara kwa kuiwasha. Mita isiyofanya kazi isimamishe gari papo hapo, kama tairi lililopasuka. Mikanda ya nyuma ifukuliwe, na gari lisipewe kibali hadi mkaguzi akae kiti cha nyuma na kujifunga. Wenye programu walazimishwe kumficha dereva jina na mwisho wa safari hadi atakapoikubali, na faini ya kughairi isimwangukie abiria ambaye dereva wake hakusogea. Masharti ya leseni yaseme wazi kwamba abiria hakataliwi kwa dini yake, mavazi yake, mbwa anayemwongoza au mzigo wake halali, na yaseme kwa uwazi uleule kwamba dereva hataulizwa dini yake na yeyote, wala kunyimwa muda wa sala ambao hajauchukua kwa abiria. Mzozo ukitokea, usikilizwe na watu wenye uwezo wa kuamua, na uamuzi uandikwe ili wengine wausome.

Barua hii haihitaji kujibiwa kwa hotuba, na tafadhali msiijibu kwa siku ya maombi. Jibu lake linatosha kwenye kikaratasi kinachobandikwa nyuma ya kiti cha dereva: namba ya leseni, nauli iliyoidhinishwa, na namba ya simu ambayo abiria akiipiga saa 4 usiku itapokelewa na mtu.

Wasalaam,

Abiria wa kiti cha nyuma